Nani Aliyeuleta? Pemba, Brazil na Historia ya Kubwagana

Ukiuliza Pemba mchezo wa ng'ombe ulitoka wapi, utajibiwa upesi: uliletwa na Wareno. Vitabu vya watalii vinasema hivyo, waongoza watalii wanasema hivyo, na wenyeji wengi nao wanasema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja namba ya simu aliyoikariri zamani. Ukiuliza Rio de Janeiro jiu-jitsu ilitoka wapi, utasimuliwa habari ndefu ya ukoo mmoja, ukoo wa Gracie. Mjapani aliyeuleta mchezo utamkuta kwenye aya ya kwanza, halafu huyo hupotea. Mchezo wenyewe umeshapewa uraia: dunia nzima inauita jiu-jitsu ya Kibrazili.

Hapo ndipo panaponikera. Wareno walifika pote pawili kwa tofauti ya miaka miwili tu, Vasco da Gama kwenye pwani yetu mwaka 1498 na Cabral kule Brazil mwaka 1500. Wabrazili walipokea mchezo wa wageni mwaka 1914, na kabla ya miaka mia kwisha ukawa wao, wanauuza hadi Tokyo. Wapemba wamecheza na ng'ombe wao, kwenye viwanja vyao, kwa ngoma na zumari zao, kwa vizazi visivyohesabika, na bado mchezo ni wa Wareno. Kwa nini?

Tuanze na ng'ombe. Kwa asiyeujua: mchezo huu huchezwa vijijini, Chwale, Wingwi na kwengineko, zaidi msimu wa kiangazi, na zamani ulihusishwa pia na kuomba mvua. Dume la ng'ombe, hawa wetu wenye nundu, hufungwa kamba ndefu. Vijana huingia uwanjani mmoja mmoja na kitambaa, wakamchokoza, akawajia, wakamkwepa. Wanawake huimba, zumari hulia, watoto huwa juu ya miti. Ng'ombe hauawi. Mchezo ukisha anarudishwa kwa mwenyewe, na kesho yake anakula majani kama kawaida. Anayeumia, akiumia mtu, ni mchezaji.

Sasa ushahidi wa Wareno uko wapi? Hoja inayorudiwa sana ni kwamba Ureno nako ng'ombe hauawi uwanjani, tofauti na Hispania. Inavutia mpaka utazame kalenda. Sheria ya Ureno iliyokataza kumuua ng'ombe mbele ya watazamaji ni ya mwaka 1928. Wareno walipoteza Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698, na kwa kisiwa kama Pemba, kilichokuwa ghala la chakula la Mombasa, ndio ikawa karibu mwisho wa habari yao. Hawawezi kuwa waliacha nyuma desturi ambayo kwao ilikuja kuwa sheria zaidi ya miaka mia mbili baadaye.

Halafu tazama majirani. Komoro wana ngoma ya nyombe, na Komoro haikuwahi kutawaliwa na Ureno. Madagaska, Wabetsileo wana savika, kijana anamrukia ng'ombe na kumng'ang'ania nunduni bila silaha yoyote. Ukivuka kwenda Fujairah, kwenye Falme za Kiarabu, unakuta madume ya ng'ombe yakipambanishwa pembe kwa pembe, na huko nako utaambiwa waliouleta ni Wareno! Hawa Wareno walikuwa na kazi kwelikweli. Walijenga ngome, wakatoza ushuru, wakapigana na Waturuki na Waarabu, na wakapata wasaa wa kumfundisha kila mwenye zizi namna ya kucheza na ng'ombe wake. Mie sidai kuwa nimethibitisha mchezo wa Pemba haukuguswa na Mreno hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mtu akitazama Bahari ya Hindi yote, jibu la upesi linaanza kuyumba.

Turudi Brazil, maana kule historia iliandikwa, tena iliandikwa na wenyewe.

Mwaka 1882 Kano Jigoro alifungua chuo chake, Kodokan, mjini Tokyo. Alichukua mbinu za jiu-jitsu za zamani, akaondoa za kuua na kulemaza, akabakisha zile ambazo watu wangeweza kufanyia mazoezi kwa nguvu zao zote bila kuzikana, akauita mchezo wake judo. Mmoja wa wanafunzi wa chuo hicho, Maeda Mitsuyo, aliyezaliwa mwaka 1878, alitumwa Marekani mwaka 1904 na hakurudi tena kuishi kwao. Alizunguka Marekani, Uingereza, Hispania, Cuba na Mexico, akipigana kwa fedha na mabondia, na wacheza mieleka, na yeyote aliyejitokeza. Huko njiani akapata jina la Conde Koma. Mwaka 1914 akaingia Brazil, na baadaye akatia nanga Belém, kwenye mlango wa mto Amazon.

Belém ya wakati huo ni mji ambao msomaji wa Zanzibar angeuelewa bila kuelezwa. Ulitajirika kwa zao moja, mpira. Ulijenga jumba la maonyesho kama la Ulaya, Theatro da Paz, na barabara zenye miembe. Halafu mashamba ya mpira ya Asia yakaanza kutoa mali nyingi kwa bei ndogo, na kufikia mwaka 1912 hivi biashara ya Amazon ikaanguka chali. Maeda aliwasili kwenye mji uliokuwa bado umevaa vizuri lakini mfukoni hauna kitu. Humo ndimo alimokutana na Gastão Gracie, mtu wa biashara, na mwanawe Carlos, aliyezaliwa mwaka 1902. Carlos akajifunza. Familia ilipohamia Rio, Carlos na ndugu zake wakaanza kufundisha wengine, na mdogo wao Hélio ndiye aliyekuja kuwa sura ya mchezo.

Masimulizi ya ukoo ni matamu. Hélio alikuwa mtoto dhaifu, daktari alimkataza mazoezi, akawa anakaa pembeni kutazama tu. Siku moja kaka yake akachelewa, Hélio akafundisha badala yake, na kwa kuwa hakuwa na nguvu akabuni namna ya kutumia wenzo badala ya misuli. Ni hadithi ya Sungura na Fisi kabisa, na labda ndiyo maana inapendwa. Tatizo ni kwamba kupigania chini, kukunja viungo na kukaba shingo vilikuwamo kwenye mafunzo ya Wajapani kabla Hélio hajazaliwa. Na chuo cha kwanza? Ukoo unasema 1925. Watafiti waliopekua magazeti ya Rio ya wakati ule, akiwamo Roberto Pedreira katika kitabu chake Choque, wanaonyesha kwamba chuo kilichofunguliwa mwaka 1930 kilikuwa cha mwanafunzi mwengine, Donato Pires dos Reis, na akina Gracie walikuwa wasaidizi wake. Kuna pia Oswaldo Fadda, aliyefundisha watu wa kipato cha chini katika vitongoji vya Rio. Miaka ya 1950 wanafunzi wake waliwashinda wanafunzi wa Gracie kwa mbinu za kukunja mguu zilizokuwa zikidharauliwa. Jina lake ukilitaja leo kwenye ukumbi wa mazoezi, wengi watakuuliza, nani huyo?

Naipenda hata hivyo sehemu moja ya masimulizi ya ukoo, kwa sababu ni ya kushindwa. Oktoba 1951, ndani ya Maracanã, Hélio alikutana na Kimura Masahiko, bingwa wa judo wa Japani, mtu mzito na mkali kuliko yeye. Kimura alimtupa atakavyo, halafu raundi ya pili akaukamata mkono, akaukunja nyuma ya mgongo. Hélio akakataa kusalimu amri. Mkono ukavunjika. Carlos ndiye aliyetupa taulo. Na Wabrazili wakafanya nini? Wakaipa mbinu ile jina la aliyewavunja. Mpaka leo mtoto anayejifunza São Paulo au Nairobi anaambiwa hii ndiyo Kimura. Reila Gracie, binti wa Carlos, aliandika maisha ya baba yake katika kitabu kinene mwaka 2008, na aibu za nyumbani hakuzificha zote. Ndivyo mchezo wa kuazima unavyokuwa wako: unauandika ukishinda, na ukivunjwa mkono unaandika pia.

Dunia iligutuka tarehe 12 Novemba 1993, Denver, Marekani. Lilikuwa shindano la kupigana karibu bila kanuni, lililoandaliwa kwa mkono wa ukoo wenyewe, na Royce Gracie, kijana mwembamba kwenye gwanda jeupe, akawashinda watatu usiku mmoja kwa kuwapeleka chini. Kutoka hapo kukaja shirikisho na ubingwa wa dunia, wa kwanza ukafanyika Rio mwaka 1996.

Niueleze kidogo mchezo ulivyo leo, maana wengi wetu tunaujua kwa vipande vya video tu. Wawili wanaanza wamesimama, wamekwidana magwanda. Ukimwangusha mwenzako, pointi 2. Chini ndiko kazi iliko. Aliyelala chali hajashindwa: anamfunga wa juu kiunoni kwa miguu, kama mtoto aliyebebwa, na kutoka hapo anaweza kumgeuza, pointi 2 tena. Wa juu akiivuka miguu hiyo na kumbana ubavuni anapata 3. Akimkalia kifuani, au akimpanda mgongoni na kumfunga kwa miguu, 4. Lakini pointi ni za kungojea tu. Mwenye kutaka kuumaliza anatafuta shingo au kiungo, na aliyebanwa anapiga kofi mara mbili au tatu, basi, imekwisha. Mkanda mweupe hupambana dakika 5, mweusi dakika 10. Zinasikika chache kwa asiyewahi kulaliwa na mtu wa kilo 90 anayejua analolifanya.

Mazoezi yake yana jambo ambalo michezo ya ngumi haina. Bondia hawezi kupigwa kwa nguvu zote kila siku, ataharibika ubongo. Huku unaweza kukabwa jioni mara kumi, ukapiga kofi mara kumi, ukaenda nyumbani ukala. Kushindwa kunakuwa chakula cha kila siku. Hilo ni la Kano, kwa haki, si la Mbrazili.

Na Kiswahili? Kiswahili kilikuwa tayari kabla ya gwanda. Tunayo mieleka. Tunaye mtu "aliyekula mtama", yaani aliyefagiwa mguu akaenda chini, na tunayo ngwala, ndugu yake mtama. Tunayo kabali, na huko mjini Dar es Salaam tunayo roba, ile ya vibaka wanaokuja nyuma yako gizani, mkono shingoni, simu imekwenda. Mtu akikutafsiria masomo ya jiu-jitsu hakuna haja ya kubuni hata nusu ya maneno. Lugha haihifadhi maneno kumi ya kitu ambacho wasemaji wake hawakukifanya. Ukanda wetu una pia kirumbizi, mchezo wa fimbo wa visiwani na Lamu, wawili ndani ya duara, ngoma na zumari, macho yakiwa kwenye fimbo ya mwenzako. Utakuta umeandikwa kwenye orodha za ngoma za utamaduni, baina ya msewe na kibati. Umewekwa huko kwa sababu una ngoma. Capoeira ya Brazil nayo ina ngoma, lakini hakuna anayesahau kwamba ni ya kupigana.

Zanzibar ina kisa chake ambacho naona hakijasimuliwa vya kutosha. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Karume ilipiga marufuku ndondi. Sababu inayosimuliwa zaidi ni kwamba aliona si ustaarabu watu waumizane ili wengine waburudike. Marufuku hayo yakadumu zaidi ya nusu karne, yakamzidi umri aliyeyaweka, mpaka mwaka 2022 chini ya Rais Hussein Mwinyi yalipoondolewa. Vizazi viwili vya vijana wa Unguja na Pemba waliotaka ulingo walilazimika kuvuka bahari.

Ngumi zilikatazwa. Kubwagana hakukukatazwa. Na hapo ndipo alipoingia Mjapani wetu. Shimaoka Tsuyoshi alihamia Zanzibar mwaka 1987, akajishughulisha na uvuvi na biashara, na miaka ya mwanzo ya 1990 akaanza kufundisha vijana judo. Sasa mlinganishe na Maeda. Maeda aliingia Belém bei ya mpira ikiwa imeanguka. Shimaoka aliingia Zanzibar bei ya karafuu ikiwa imeanguka, baada ya Indonesia, mnunuzi mkubwa kuliko wote, kuanza kujitosheleza kwa mashamba yake. Wote wawili walikuta bandari ya zao moja, vijana wengi, kazi chache. Judo ikaota Zanzibar, ikatoa wachezaji wa kushindana Afrika Mashariki, na mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na mcheza judo kwenye Olimpiki ya Paris, Andrew Thomas Mlugu, uzani wa kilo 73.

Kwa hiyo mbegu ilikuwa ile ile, kutoka nyumba ile ile ya Kano, na ardhi haikutofautiana sana. Kwa nini Belém, kupitia Rio, ikatoa mchezo wenye jina la nchi, na Zanzibar ikatoa wachezaji wazuri wa mchezo wa Japani? Siwezi kusema ni suala la kipaji. Muda ni sehemu ya jibu: miaka 30 si miaka 100. Sehemu nyengine ni fedha, maana akina Gracie walifundisha matajiri na wanasiasa wa Rio, watu wenye magazeti. Na sehemu, naamini, ni kiburi. Gracie hakuomba ruhusa ya Tokyo kubadilisha kanuni. Sisi huomba ruhusa hata ya kuuita mchezo wetu kwa jina letu.

Pemba ndani ya habari hii iko nyuma zaidi ya Unguja, kama ilivyo kwenye mambo mengi. Mgeni anakijua kisiwa kwa vitu viwili. Karafuu, ambazo sehemu kubwa ya zile za Zanzibar hutoka huko. Na siasa, hasa Januari 2001, askari walipowafyatulia risasi waandamanaji na watu wapatao 2,000 wakavuka kwa vyombo kukimbilia Shimoni, Kenya. Mahali penye kumbukumbu hiyo, kijana akisema anataka kujifunza kupambana, si ajabu mama yake akamtazama mara mbili.

Wengine wamejifunza ng'ambo bila kukusudia. Ukoo wa Pemba usio na mtu Muscat, Dubai au Abu Dhabi ni nadra. Na Abu Dhabi ndiko jiu-jitsu ilikopata makao mapya: shindano la ADCC lilianzishwa na Sheikh Tahnoun bin Zayed mwaka 1998, mchezo ukaingizwa kwenye shule za serikali mwaka 2008, mwaka uliofuata ukaanza ubingwa wao wa dunia wa kulipwa. Michezo ya Asia ya Jakarta ya 2018 ilipouingiza kwa mara ya kwanza, Waimarati wakarudi na dhahabu. Miaka kumi tu. Sitashangaa nikiambiwa kuna mtoto huko ambaye bibi yake ni wa Wete, anapiga kofi kwa Kiarabu na kulia kwa Kiswahili.

Washairi wa Pemba walisubiri sana kitabu chao. Kamange na Sarahani walikuwa wanasomwa kwa ghibu na kwenye makaratasi ya watu binafsi, mpaka Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdulla El-Maawy walipozikusanya tungo, na Abdilatif Abdalla akazihariri, na mwaka 2011 ikatoka Kale ya Washairi wa Pemba. Kabla ya hapo mtu angeweza kusema Pemba haina ushairi wa zamani wa kutajika, na usingekuwa na cha kumwonyesha.

Mchezo wa ng'ombe na kirumbizi cha Pemba havina kitabu cha namna hiyo. Majina ya ng'ombe waliosifika, nyimbo za wanawake zilizotungwa kwa ajili ya mchezaji fulani aliyepigwa pembe, nani alikuwa akishika kamba na alijifunza kwa nani, vijiji gani vilialikana na vipi vilikataana: hayo yote yamo vichwani mwa wazee, na yanahitaji kinasa sauti, daftari na mtu mwenye subira wa kukaa Wingwi kiangazi kizima. Nauli ya boti ndiyo gharama kubwa iliyomo.